Mjadala: Mtandao ukikatika hospitalini, malipo yarudishwe kwanza au yasubiri?

Mwanzisha mada
Mei 12, 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Hospitali za umma Tanzania hukusanya fedha kwa kumbukumbu namba za GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, na bila mtandao wa aina yoyote namba haiombeki. Je, malipo yawe kwenye orodha ya shughuli za kurejeshwa kwanza? Nasema yasubiri. Kipimo ni kimoja: shughuli ikisimama, madhara yasiyorekebishika yanaanza baada ya muda gani? Mgonjwa anayepumulia oksijeni: dakika. Friji ya damu, inayotakiwa kubaki nyuzi 2 hadi 6: saa chache. Deni la vipimo: wiki.

Mhasibu
Mkuu, umepima idara, hujapima mnyororo. Mfuate mgonjwa hatua kwa hatua: mapokezi, daktari, dirisha la malipo, maabara, daktari tena, dirisha la malipo tena, famasia. Kama mfumo haufungui oda ya maabara mpaka malipo yasome, malipo yakisimama na maabara imesimama, hata kama mashine zinawaka. Kinachotegemewa hakiwezi kupewa muda mrefu kuliko kinachokitegemea.

Mfamasia
Kanuni ni sahihi, ila kufuli hilo tumeliweka wenyewe, tunaweza kulifungua. Liandaliwe daftari la deni lenye namba mfululizo na nakala tatu: ya mgonjwa, ya famasia au maabara, ya uhasibu. Liwe na jina, namba ya faili, simu, huduma, kiasi, saini. Bei zichapishwe na kubandikwa, maana hapo ndipo watu hukwama: karatasi ipo, bei zimo ndani ya mfumo. Kisha kila zamu iwe na mtu mwenye mamlaka ya maandishi ya kutangaza "tumeingia kwenye karatasi" dakika 30 zikipita. Bila maandishi hayo karani wa dirishani hathubutu, anamhofia mkaguzi, na wagonjwa wanabaki kwenye benchi.

Mhasibu
Nakubali daftari. Lakini siku mbili za karatasi zikirundikana, kurasa zinapotea, na dawa zilizobaki stoo hazilingani na kilichomo kwenye mfumo. Malipo yapewe saa 24 kurejeshwa, si wiki.

Mwanzisha mada
Wiki naifuta, saa 24 sawa. Ila tumeisahau oksijeni. Umeme ukikatika, mashine za kuizalisha huzima, tunabaki na mitungi. Mtungi wa lita 6,800, kwa lita 5 kwa dakika, unamfikisha mgonjwa mmoja saa 22 na ushee. Wagonjwa wanne wakiutumia, ni saa tano na dakika 40. Agizo la mitungi mingine linapitia wapi?

Mhasibu
Linahitaji idhini ya manunuzi, na pale idhini inapotolewa ndani ya mfumo, mtandao ukikatika nayo imekwama.

Mfamasia
Basi kwenye uhasibu idhini hiyo ndiyo ya kwanza, mbele ya makusanyo, na muda wake hauwezi kuzidi mitungi iliyopo. Iwepo fomu ya karatasi ya agizo la dharura, na namba ya simu ya msambazaji ibandikwe ukutani, isikae kwenye kompyuta peke yake.