Mnatukata 150,000 kabla hatujashika hela, halafu mnatulilia mikopo chechefu, ile isiyolipwa?

Wakuu, habari. Mods, naomba msiuhamishe huu uzi, najua wahusika wanapita humu.

Nauza mitumba Morogoro. Mwaka jana niliingia kwenye kikundi cha watu watano cha kampuni moja ya mikopo midogo, mnadhaminiana, marejesho kila Jumanne. Nikasaini milioni moja. Kwenye simu ikaingia 850,000. Fomu 20,000, bima 30,000, "akiba ya lazima" 100,000. Na hapo afisa mikopo alishachukua 20,000 yake ya soda ili faili lisilale mezani.

Riba 3.5% kwa mwezi, kikomo kile kile cha BoT (Benki Kuu), kwa hiyo kwenye makaratasi wako safi. Ila wanaipiga kwenye milioni nzima mpaka wiki ya mwisho, hata kama deni limebaki kiduchu. Miezi 6 ni 210,000. Wangehesabu kwa salio linalobaki, isingefika 125,000. Na hiyo milioni yenyewe sikuishika!

Akiba ndiyo inanichoma zaidi. Leseni yao iko ukutani, daraja la pili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 hairuhusu daraja la pili kupokea amana. Sasa laki yangu wameiweka kwa jina gani? Nimeuliza mara tatu, naambiwa mtandao uko chini.

Mwenzetu wa tano hatukumjua. Aliletwa na afisa mwenyewe apate kufikisha idadi yake ya mwezi. Wiki ya nne akayeyuka, kumbe ana mikopo sehemu nyingine mbili. Tukafungiwa kikaoni mpaka saa 11 jioni, hatoki mtu mpaka hela yake ichangwe. Fundi wetu hakuwa nayo, wakambebea cherehani. Iliondoka na gauni la mteja likiwa bado kwenye sindano.

(Kwenye VICOBA, vikundi vyetu wenyewe vya kuweka na kukopeshana, ukichelewa unasutwa, unalipa faini 2,000, na mwisho wa mwaka mnagawana hiyo hiyo faini.)

Juzi meneja wa tawi katuita. Mikopo chechefu imewazidi, BoT wanataka isivuke 5%, makao makuu wanatishia kufunga tawi, tumsaidie. Nilitaka kucheka. Afisa wako anapata kamisheni kwa mikopo anayotoa, siyo inayorudi, atamchunguza nani? Sisi tuliolipa tukamaliza tumeondoka na hatuleti ndugu zetu. Waliobaki ni wale wanaokopa kwako wakazibe kwa mwenzako. Hapo hata wakibeba vyerehani vya mji mzima tawi halisimami.

Mkataba ninao, risiti zote ninazo, kasoro ile ya soda. Aliyewahi kulalamika BoT akarudishiwa akiba yake aniambie alianzia wapi, hapa au PM.

Na maafisa mikopo mliomo humu msije na "ulisaini mwenyewe". Nilisaini milioni.