Kulitamani kanisa la zamani na Dodoma ya zamani, je ni kosa kwa Mkristo?

MwanaMakole
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba nilete hili hapa maana nimekaa nalo muda mrefu na sitaki kulipeleka kwa mchungaji nikaonekana nalalamikia kanisa. Mimi ni mzaliwa wa hapahapa Dodoma mjini nimekulia Makole, na kwakweli siku hizi nikikaa ibadani moyo unarudi nyuma tu. Zamani tulikuwa tunajuana kanisa zima, ukikosekana jumapili moja basi jumatatu kuna mtu kaja kupiga hodi kuuliza kulikoni, wazee wanaimba tenzi bila kushika kitabu, ibada ikiisha watu wanakaa chini ya mti wanaongea mpaka jua linageuka. Sasa hivi ibada ziko tatu, ya kwanza ikiisha mnatakiwa mtoke haraka wa ya pili wapate pa kupaki, nyimbo ziko kwenye projekta, dramu zinapigwa mpaka kifua kinatetemeka, na ukigeuka kulia na kushoto ni sura ngeni tupu, huyu katoka Dar huyu Mbeya huyu Mwanza. Na mji wenyewe ndo hivyo tena, sensa ya 2012 tulikuwa watu 410,000 na kidogo, ya 2022 tumekuta 765,000 na ushee, hata pale tulipokuwa tunachunga mbuzi leo kuna ghorofa.

Mke wangu ananiambia wewe baba nanii unaishi zamani. Nikafungua Mhubiri 7:10 nikakuta imeandikwa usiseme kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi, maana hujauliza kwa hekima. Ilinichoma. Lakini Biblia hiyohiyo kila mahali inasema kumbuka, Kumbukumbu la Torati 8:2 ukumbuke njia yote aliyokuongoza Bwana, Yoshua anaambiwa waweke mawe 12 ili watoto wakiuliza waelezwe. Sasa mpaka uko wapi? Kukumbuka kupi ni ibada na kupi ni kosa? Naomba majibu ya watu wanaoomba, sio ya kubishana.

BibiMvumi
Mwanangu Bwana asifiwe. Hiyo zamani unayoililia mimi nilikuwemo, nimezaliwa Mvumi kabla ya uhuru, kwahiyo nivumilie nikwambie nilichokiona.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa ametoka kwenye Mtunya, ile njaa ya 1918 mpaka 1920, Wagogo wengi wanaijua kwa kuhadithiwa. Vita ya Wajerumani na Waingereza ilipita hapa ikachukua ng'ombe, ikachukua nafaka, ikachukua wanaume kubeba mizigo, afu mvua nayo ikakataa. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula. Bibi hakuwahi hata siku moja kutuambia zamani kulikuwa kuzuri, hata sisi tukisema hivyo alikuwa anaondoka pale. Sasa njoo kwangu mimi mwenyewe, 1974 tumekula ugali wa yanga, ule unga wa njano, na baada ya vita ya Kagera sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, kuna wakati gauni la kwendea kanisani ni hilohilo la shambani unalifua jumamosi kwa majani, unalianika, unaomba likauke. Watu wanasema enzi za Mwalimu enzi za Mwalimu, na mimi nampenda Mwalimu, ila foleni ile nilisimama kwa miguu yangu.

Na hao waliokaa chini ya mti mpaka jua linageuka, mwanangu, wengine walikaa kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu cha kuwahi.

Soma Hesabu 11. Wana wa Israeli jangwani wanalia wanakumbuka samaki, matango, matikiti, vitunguu, na wanasema tulikula BURE. Bure! Wakati walikuwa watumwa na watoto wao wa kiume walikuwa wanatupwa mtoni. Vitunguu wamevikumbuka, fimbo hawakuitaja hata kidogo. Moyo ukizoea kutazama nyuma unapepeta, makapi yote yanapeperuka unabaki na nafaka peke yake, afu unailinganisha hiyo nafaka safi na gunia la leo ambalo bado halijapepetwa. Hapo hakuna haki.

Lakini upendo ule ulikuwepo, sikatai, mwanangu wa pili alivyolazwa hospitali walikuja akina mama kwa miguu kutoka mbali na uji kwenye chungu. Ila nikuulize na wewe usinikasirikie. Upendo ule haukuletwa na miaka, uliletwa na watu walioamua kutembea. Wewe mwaka huu umempigia hodi nani?

Mhamiaji_Ihumwa
Shikamoo mama, hilo swali lako la mwisho limenigonga na mimi ambaye sikuulizwa.

Kaka MwanaMakole mimi ndo hizo sura ngeni za kulia na kushoto. Nilihamia huku na wizara baada ya ile tangazo la 2016 kwamba serikali inahamia Dodoma kweli, maana kuamuliwa iliamuliwa tangu 1973 watu wakazoea kuwa ni maneno. Nikwambie ukweli hata mimi nilikuwa na zamani yangu, kanisa langu la Dar, kwaya yangu, bahari, marafiki. Nilikuwa naishi huku jumatatu mpaka ijumaa kama mtu aliyeko safarini, ijumaa jioni basi, jumapili usiku nirudi na usingizi. Saa hizi treni ya SGR imeanza tangu 2024 ndo imekuwa rahisi zaidi, masaa manne hayafiki uko Dar, na ninawajua wenzangu wengi ambao mpaka leo hawana kanisa huku wala hawana kanisa kule, kule wanasema yuko Dodoma, huku wanasema huyo jumapili huwa hayupo. Treni ni nzuri jamani siisemi vibaya, nasema hali ya mtu kukataa kukaa mahali alipo.

Kilichonitoa huko ni Yeremia 29. Tunapenda sana ule mstari wa 11 wa mawazo ya amani, tunaubandika hadi kwenye daladala, lakini usome kuanzia wa 5. Watu wako Babeli uhamishoni, wanataka kurudi, na sura ya 28 kuna nabii Hanania alikuwa ametangaza kule Yerusalemu kwamba ni miaka miwili tu watarudi. Yeremia anawaandikia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, utakieni amani mji huo, kwa maana katika amani ya mji huo ninyi mtapata amani. Babeli hiyo! Sasa mimi Dodoma hata siyo uhamisho nimeletwa na mshahara. Nikahamisha familia, nikapanda mzabibu uani, watoto wanasema mbukwenyi, ile salamu ya Kigogo, kuliko mimi.

Ila naomba niseme na hili na linatoka moyoni. Nilipofika kanisa fulani hapa mjini, wazee baada ya ibada walikuwa wanakaa pamoja wanaongea enzi zao, wanacheka vizuri, na nilisimama karibu yao jumapili nyingi hakuna aliyeniuliza jina. Kwahiyo unaposema zamani tulikuwa tunajuana, mimi nasikia mlango. Sidhani unamaanisha hivyo lakini ndivyo unavyosikika ukiwa umesimama nje.

Kaka_Theo
Nakubaliana na mama na kaka hapo juu ila tusiende haraka tukamfanya MwanaMakole aone kila anachokikumbuka ni manung'uniko ya jangwani. Kanisa la Efeso Ufunuo 2 linaambiwa umeacha upendo wako wa kwanza, KUMBUKA ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza. Hapo Yesu mwenyewe anamrudisha mtu nyuma. Yeremia 6:16 ulizeni habari za mapito ya zamani. Kama kutembeleana kumekufa basi kumekufa, na tuseme wazi, sio tuite maendeleo.

Jibu la swali lako mimi naliona kwa Hagai. Ezra 3 msingi wa hekalu la pili unawekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza wanalia kwa sauti, vijana wanapiga kelele za furaha, na imeandikwa watu hawakuweza kutofautisha sauti ya furaha na ya kilio. Baadaye ujenzi ukasimama miaka, mpaka mwaka 520 kabla ya Kristo Mungu anamtuma Hagai na anauliza swali lenyewe kabisa, nani kati yenu aliiona nyumba hii katika utukufu wa kwanza, na sasa mnaionaje, si kama si kitu? Yaani Mungu hajajifanya hajui kwamba hii ya sasa ni ndogo! Hajawakemea kwa kulia. Anawaambia iweni hodari mkafanye kazi, mimi nipo pamoja nanyi. Basi. Kumbukumbu inayokufanya ushike tofali ni sawa, inayokufanya ukae pembeni ukiangalia wanaojenga ndo tatizo.

Halafu kitu kingine. Hao wazee wa tenzi wengi ni matunda ya uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda mpaka huku kwetu. Wakati wao walionekana ni wapya, wana kelele, wanavuruga taratibu. Chuo cha theolojia cha Mukono Uganda mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa kwa ajili ya uamsho huohuo. Hiyo unayoiita ya zamani ilikuwa dramu ya watu wa wakati ule.

Mkatoliki_wa_Kongwa
Tumsifu Yesu Kristo. Napita kwa ufupi tu, Mt. Augustino alikuwa askofu Hippo kaskazini mwa Afrika, na Roma ilipovamiwa mwaka 410 watu walikuwa wanalia nyakati mbaya nyakati mbaya. Akawaambia kwenye mahubiri kwamba nyakati ni sisi wenyewe, tuishi vizuri na nyakati zitakuwa nzuri. Mi hilo linanitosha kila nikianza kulalamika.

MwanaMakole
Nawashukuru wote, Bibi shikamoo na asante. Sijakasirika. Jibu la swali lako ni hakuna, mwaka huu sijampigia hodi mtu, nilikuwa nasubiri nipigiwe.

Kaka Theo hapo kwa Hagai umenisaidia sana, kwamba wazee hawakukemewa kwa kulia. Maana tenzi bado nazililia na sitadanganya kwamba nimeacha, mtu akiimba ubeti wa tatu kwa kichwa anaongea na Mungu kitu alichoishi nacho, hilo projekta haijanipa bado. Nauliza tena hapohapo, nifanyeje nalo?

Na kaka wa Ihumwa pole sana. Sikumaanisha mlango.

Kaka_Theo
Wafundishe. Nenda kwa vijana wa timu ya sifa jumamosi wakiwa mazoezini, usiende kulalamikia dramu, nenda na tenzi moja uwaambie nani alikufundisha na alikuwa anapitia nini. Zaburi 78:4 hatutawaficha wana wao. Wataipiga na dramu, waache.

Mhamiaji_Ihumwa
Nimeshapoa kaka wala usijali. Jumuiya yetu huku ni alhamisi jioni, wengi ni wahamiaji na hakuna hata mmoja anayezijua tenzi za huku vizuri. Nimekutumia namba inbox, njoo na mama nanii, na kama Bibi wa Mvumi ana nafasi gari la kumfuata lipo.

BibiMvumi
Nafasi ninayo. Mje mapema, sitembei usiku.