Apu ya benki imenikana mbele ya mama mkwe!!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ile apu mnayoijua, ile ya "pepesa macho, geuka kulia" kama uko kwa mganga, leo imenimaliza.

Wakwe wamekuja na SGR kutoka Dar, nikawapeleka mbuzi choma pale Makole. Bili 86,000. Natoa simu kwa mbwembwe. "Uso haufanani na mwenye akaunti." Navua kofia, nanawa vumbi lote la Dodoma. Haufanani. Nasogea kwenye mwanga wa jiko mpaka nyusi zinanuka moshi. Haufanani! Ikajifunga saa 24.

Mama mkwe kumbe anasoma begani kwangu: "Haufanani? Sasa mwanangu kaolewa na nani?"

Mbele ya mchoma nyama. Kisu mkononi.

Eti usalama. Wale matapeli wa "tuma kwa namba hii" wanapeta tu, hakuna anayewaambia wapepese hata kope. Mimi niliyesajili laini kwa alama za vidole ndiyo nimekuwa mgeni wa pesa zangu! Baba mkwe kalipa. KAOLEWA NA NANI, wakuu.

Mzee wa Nkuhungu: Weka picha tuamue, huenda apu iko sahihi.

Zabibu Chachu: Mimi sicheki. Matapeli waliwahi kuniswapia laini usiku, yaani namba yangu ikahamia kwenye simu yao, SMS zote za uthibitisho zikawa zinaingia kwao. Kilichowagomea ni huo huo uso. Vumilia tu.

Mleta mada: Kwa hiyo mimi na mwizi tumepata maksi sawa?

Zabibu Chachu: 😂 Na hizo SMS za matapeli zipeleke 15040.

Mleta mada: Nilishapeleka. Uso wangu nao niupeleke wapi? Mama mkwe bado ananiangalia kama kishoka.

Kisasa Juu: Heri yako wewe unaulizwa uso. Mimi jana giza totoro, tokeni ya umeme tarakimu 20, tochi ya simu asilimia 2. Nimefika ya 19 simu ikazima.

Mzee wa Nkuhungu: Si uandike kwenye karatasi?

Kisasa Juu: Karatasi nayo nitaisomea wapi, mzee?

Zabibu Chachu: Anza na mshumaa basi.

Mzee wa Nkuhungu: Mshumaa na huu upepo wa Dodoma? Tuache hayo. Mleta mada, mbuzi ya Makole kilo bei gani siku hizi?