MJADALA: Njia za kimataifa za mitandao ya utafiti zilipiwe na umma, au vyuo vinunue intaneti kama wateja wengine?

Mwanzisha mada

Wakuu, kila bajeti ya utafiti inapobanwa, kuna mtu huuliza kwa nini walipa kodi wagharamie njia za kimataifa za mitandao ya utafiti na elimu ilhali intaneti ya kawaida imeenea kila mahali. Kwa asiyeifahamu mitandao hiyo: Ulaya kuna GÉANT. Marekani kuna Internet2 ya vyuo na ESnet ya maabara za wizara ya nishati. Amerika ya Kusini kuna RedCLARA, na mashariki na kusini mwa Afrika kuna UbuntuNet Alliance. Imeungana yenyewe kwa yenyewe kupitia uwezo iliojinunulia kwenye mikongo ya baharini, kiasi kwamba data ya chuo kimoja hufika chuo cha ng'ambo bila kugusa intaneti ya biashara. Je, utaratibu huu uendelee kulipiwa na umma?

Mimi nasema uendelee, kwa sharti moja nitakalolitaja mkinibana.

Sababu yangu kubwa si hizo kasi zinazotangazwa. Ni tabia ya data yenyewe. Mtandao wa biashara umejengwa kwa ajili ya mamilioni ya watu wanaovuta vitu vidogo vidogo kwa pamoja. Mtafiti yuko peke yake, anavuta kitu kimoja kikubwa, kwa saa nyingi, kutoka mbali. Sasa itazame itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta nyingi hufuata zinapotumiana data. Anayetuma hutoa kiasi fulani cha data, kisha hungoja upande wa pili uthibitishe umepokea ndipo aendelee. Kompyuta ikiruhusiwa kuwa na kilobaiti 64 tu zilizo njiani, na kwenda na kurudi kukachukua milisekunde 150, jambo la kawaida kabisa kwa njia inayovuka mabara, kasi inagota kwenye megabiti 3.5 kwa sekunde. Hata njia ikiwa ya gigabiti 100, utapata hizo hizo 3.5. Kuijaza njia ya gigabiti 10 kwa umbali huo kunataka karibu megabaiti 190 ziwe safarini kwa wakati mmoja.

Hilo angalau mtu hulirekebisha kwenye mipangilio ya kompyuta yake. Asichoweza kukirekebisha ni upotevu wa pakiti, yaani vile vipande vidogo ambavyo data hukatwakatwa ili isafiri. Pakiti moja ikidondoka, TCP ya kawaida hudhani kuna msongamano: inakata mwendo ghafla, halafu inapanda tena taratibu, na kadiri umbali unavyozidi ndivyo kupanda kunavyochelewa. Wahandisi wa ESnet wana kisa chao cha ruta mbovu iliyokuwa ikidondosha pakiti 1 katika kila 22,000. Aliyekuwa akipokea kutoka jirani hakuona tofauti ya kutisha. Aliyekuwa mbali, kasi yake iliporomoka. Kampuni inayowauzia intaneti watazama video haina cha kuikosesha usingizi katika pakiti 1 kwa 22,000. Mitandao ya utafiti ina watu walioajiriwa kuitafuta pakiti hiyo.

Mhasibu wa chuo

Hesabu nimeielewa, mkuu, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba unaniuzia hitaji la watu wachache kama hitaji la chuo kizima. Wengi wa wanaotumia mtandao wa chuo hawahamishi data ya darubini. Wanatazama video na kufungua barua pepe zilizohifadhiwa kwenye wingu la kampuni. Na kampuni hizo sasa zinajitandazia mikongo zenyewe: ule wa MAREA, kutoka Virginia Beach hadi Bilbao, ni wa Microsoft na Meta (zamani Facebook) wakishirikiana na kampuni ya mikongo ya Telxius. Uwezo uko tele baharini. Kwa nini chuo kinunue mara ya pili kitu ambacho muuza huduma ya wingu ameshakileta mlangoni?

Historia nayo iko upande wangu. Mwaka 1995, shirika la sayansi la Marekani, NSF, lilizima NSFNET, uti wa mgongo uliokuwa ukilipiwa na serikali, kazi ikaachiwa kampuni. Intaneti haikufa. Ndipo ilipochanua.

Mwanzisha mada

Umeisoma nusu ya historia, ndugu mhasibu. Mwaka huo huo wa 1995, NSF ileile ilizindua vBNS pamoja na kampuni ya MCI, mtandao wa kasi wa kuunganisha vituo vya kompyuta kubwa. Mwaka uliofuata vyuo 34 vikaanzisha Internet2. Mwaka 1997 NSF ikafadhili STAR TAP, Chicago, mahali mahususi pa kukutanishia mitandao ya utafiti ya nchi nyingine na ile ya Marekani, na StarLight ikafuata papo hapo Chicago. Waliowaachia wafanyabiashara intaneti ya jumla hawakuthubutu kuwaachia na ile ya sayansi. Hawakuwa wajamaa hao. Walikuwa wameona kipi soko litakibeba na kipi halitakibeba.

Na mkongo wa kampuni ya wingu unakupeleka kwenye wingu la kampuni hiyo. Mshirika wako akiwa na data yake kwenye seva za maabara, mkongo huo si wako.

Mtafiti wa darubini za redio

Naomba nitie mchanga kwenye mashine ya pande zote mbili. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, ilitokana na vipimo vya mwaka 2017 vilivyochukuliwa na darubini zilizotawanyika duniani. Data ilikuwa petabaiti kama 5 (petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja). Mnajua ilifikaje kwenye vituo vya kuichakata, kimoja Marekani na kingine Bonn, Ujerumani? Kwa ndege, ndani ya diski. Za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi mingi hadi majira ya baridi yaishe ndipo ndege zikaweza kuzifuata. Kwa hiyo huyu anayesema bila njia maalumu sayansi itasimama atulie kidogo. Wenzetu walifanya kazi ya karne kwa masanduku.

Hata hivyo nawaambia nini hasa kinaniuma katika masanduku. Si muda, ni upofu. Ukirekodi usiku kucha kisha ukasubiri diski ziruke, kasoro ya kifaa unaigundua wakati darubini imeshageukia kazi nyingine. Darubini za Ulaya zinazotuma data moja kwa moja kwenda Dwingeloo, Uholanzi, kwenye taasisi ya JIVE, huona kasoro papo hapo na mtu anapigiwa simu akarekebishe. Thamani hiyo haionekani kabisa ukilinganisha tu bei ya gigabiti.

Mwanzisha mada

Ndiyo maana wastani wa matumizi hudanganya, na najua mhasibu anauandaa ubaoni. Petabaiti 1 kwenye njia ya gigabiti 10 iliyojaa pomoni inachukua siku 9 na ushei. Kwenye njia ya gigabiti 100, saa 22 hivi. Njia itakayoonekana nusu tupu kwa mwezi mzima ndiyo itakayoimeza petabaiti hiyo siku kikundi kitakapoihitaji. CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, hawasambazi data za mashine yao kubwa ya kugonganisha chembe, LHC, kwa kubahatisha nafasi. Kuna mtandao wa pekee, LHCOPN, kati ya CERN na vituo vikubwa vya kuhifadhi na kuchakata vilivyoko nchi mbalimbali, kwa sababu mashine ikiwa inagonganisha chembe huwezi kuiambia ingoje.

Msimamizi wa mtandao, upande wa nchi ndogo

Nyote mnajadili kama watu ambao njia tayari iko nyuma ya ukuta wao. Mimi nauliza ramani ilichorwa na nani. Njia hizi hufuata mfuko unaolipa. UbuntuNet ilipoanza kupata njia za maana kupitia mradi wa AfricaConnect, kuanzia 2011, fedha nyingi zilitoka Umoja wa Ulaya, na milango mikuu ya kutokea ilikuwa London na Amsterdam. Siwalaumu, bila wao tungekuwa bado kwenye setilaiti. Ila kwa miaka mingi data ya vyuo viwili vya nchi jirani ilikuwa ikienda Ulaya na kurudi, na kila kilomita 1,000 za nyuzi za kioo huongeza milisekunde kama 10 za kwenda na kurudi. Rudini kwenye hesabu ya TCP hapo juu mjionee nani anaumia.

Amerika ya Kusini waliishi na jambo hilohilo. Data yao ya kwenda Ulaya kwa kawaida ilizungukia Marekani. Kupitia mradi wa BELLA, mitandao ya utafiti ya pande mbili ilinunua haki ya muda mrefu ya sehemu ya uwezo wa mkongo wa EllaLink, kutoka Fortaleza, Brazili, hadi Sines, Ureno, ulioanza kazi 2021. Mkongo ni wa kampuni. Fedha ya umma iliingia mapema na kusaidia mkongo wenyewe ujengwe. Kwa hiyo swali la mada, umma au soko, naona limeulizwa vibaya. Ulizeni nani anakaa mezani njia inapochaguliwa.

Mwanafunzi wa uzamili

Mimi sielewi petabaiti, lakini nimefika chuo cha nchi nyingine, nikafungua kompyuta, eduroam, ile Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, ikanitambua kwa nenosiri la chuo changu. Nauliza tu, hiyo nayo iko kwenye bajeti hii mnayotaka kuikata?

Mwanzisha mada

Eduroam haihitaji njia nene, maombi ya kuthibitisha mtumiaji ni madogo mno na yanapita hata kwenye intaneti ya kawaida. Ila watu walioibuni na wanaoitunza ni haohao wa mitandao ya utafiti. Ukiwafukuza kwa kisingizio cha mikongo, utaiondoa na eduroam.

Mhandisi wa mtandao wa chuo

Niwape habari za jikoni ambazo hamtazipenda. Njia ya kimataifa mara nyingi si tatizo. Data inavuka bahari bila hata mkwaruzo, inafika langoni, inakutana na faiawoli, kifaa cha ulinzi kinachokagua kila kinachoingia, iliyonunuliwa kwa ajili ya barua pepe na kurasa za wavuti, inakwama hapo. Halafu mtafiti anapiga simu kulaumu bahari. Suluhisho linafahamika: data za utafiti zipewe mlango wake pembeni, wenye ulinzi wake, seva zilizopangwa kwa umbali mrefu, na vipimo vya perfSONAR, programu ya kupima afya ya njia za mtandao, vinavyoendeshwa mfululizo ili pakiti inapodondoka ijulikane imedondokea kwa nani. Vyuo vingi havifanyi. Unakuta gigabiti 10 zimelipiwa hadi langoni na mtafiti anabeba diski mkobani kati ya majengo mawili.

Mwanzisha mada

Sharti langu ndilo hilo, na nashukuru limesemwa na mtu anayeshika nyaya. Chuo kisichofungua mlango wa data za utafiti na kisichoweka vipimo vyake hadharani kisihesabiwe wakati wa kuongeza uwezo wa kimataifa.

Mhasibu wa chuo

Hapo tumekaribiana, lakini sijamaliza. Atlantiki ya kaskazini peke yake: mwaka 2013 mitandao sita, yaani Internet2, GÉANT, ESnet, NORDUnet ya nchi za Nordiki, SURFnet ya Uholanzi na CANARIE ya Kanada, ilijisifu kwa njia ya kwanza ya utafiti ya gigabiti 100 kuvuka bahari hiyo. Mwaka uliofuata ESnet ikajipeleka Ulaya yenyewe kwa gigabiti 340. Wote hao wanahitaji nini kwenye bahari moja?

Mhandisi wa mtandao wa chuo

Wanahitaji mkongo wa pili siku wa kwanza utakapokatika, na wa tatu siku meli ya matengenezo itakapochelewa. Mitandao hiyo imekubaliana kubebana: njia ya mmoja ikikatika, data yake inahamia kwa mwenzake. Kila mmoja akinunua akiba yake peke yake ndipo gharama ingekuwa ya ajabu.

Mhasibu wa chuo

Sawa, basi makubaliano ya kubebana yawekwe kwenye mkataba na upande wa nchi ndogo uingizwe humo, maana sijaona mtu akijitolea kumbebea msimamizi mwenzetu hapo juu. Na kila chuo kinachotaka fedha kilete takwimu za perfSONAR za miaka mitatu. Chenye faiawoli kama aliyoieleza mhandisi nitakikata mwenyewe, hata kikiwa changu.