Nyumba za familia za wanajeshi: serikali ijenge au ipange?

Mwuliza swali
Ndugu zangu, Januari 2025 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikamilisha ununuzi wa nyumba 36,347 za familia za wanajeshi kwa karibu pauni bilioni 6, ilhali iliziuza yenyewe mwaka 1996. Je, kosa lilikuwa kupanga badala ya kujenga, au mkataba ndio uliokuwa mbovu? Hoja ya kwamba kupanga ni nafuu naisikia kila bajeti ya ulinzi inapojadiliwa.

Mchangiaji wa kwanza
Mkataba ndio uliokuwa mbovu. Mwaka 1996 wizara iliiuzia kampuni ya Annington nyumba zaidi ya 57,000 za England na Wales kwa pauni bilioni 1.66, kisha ikazipanga tena kwa miaka 200. Ilipata punguzo la kodi ya pango la asilimia 58 kwa miaka 25 ya mwanzo, lakini gharama za matengenezo zilibaki juu yake, na hata nyumba zilizokaa tupu ziliendelea kulipiwa kodi hadi zirudishwe kwa mwenyewe. Bei za nyumba zilipopanda, sehemu kubwa ya faida ilikwenda kwa kampuni. Mwaka 2018 wakaguzi wa taifa walikadiria kwamba serikali ilikuwa imepoteza kati ya pauni bilioni 2.2 na 4.2 kwa kuuza badala ya kubaki na nyumba zake.

Mke wa askari, Catterick (kambi ya jeshi kaskazini mwa England)
Mume wangu ni Mkenya anayetumikia jeshi la huku, nasi tunaishi katika nyumba hizo. Kuvu ilipoota nyuma ya kitanda cha mtoto, fundi alikuja, akapaka rangi juu yake na kuondoka, ikarudi kabla baridi haijaisha. Mimi naona lenye uzito kwa familia ni nani mwenye wajibu wa kuziba paa na kubadilisha madirisha, kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na wajibu huo, na mpangaji hakuwa na sababu ya kutia fedha nyingi katika mali isiyo yake.

Mchangiaji wa pili
Dada, pole sana. Naongeza kwamba kupanga kuna mahali pake: askari akihamishiwa mji usio na kambi kubwa kwa miaka miwili, kumjengea nyumba ni kupoteza fedha. Penye kambi ya kudumu, jeshi lijenge na limiliki.

Mwuliza swali
Nashukuru. Lakini kampuni ilikubalije kuuza?

Mchangiaji wa kwanza
Mei 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba wizara, kama wapangaji wengine wa muda mrefu, inaweza kuitumia sheria inayomruhusu mpangaji kununua nyumba anayoishikilia, hivyo ikaingia katika mazungumzo ikiwa na nguvu. Serikali inasema ununuzi huo umeiondolea kodi ya pauni milioni 230 kwa mwaka. Kwa hesabu yangu, bei iliyolipwa inalingana na kodi ya miaka 26 hivi, na miaka 170 na zaidi ya mkataba ilikuwa bado imebaki.