Mnang'oa ea klina za XL "ili ivute", silinda ikifa nani analipa?

Wakuu, leo sibembelezi mtu.

Peleka gerejini pikipiki yoyote ndogo ya lami na vumbi, iwe XL125, XTZ125 au XR150L, useme tu "haivuti vizuri". Fundi hataangalia plagi, hatagusa tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu), hatauliza oil ilimwagwa lini. Atafungua kifuniko cha pembeni, atachomoa ea klina (chujio la hewa ya injini), ataitupa chini ya benchi, apige resi mara mbili na kusema, "Umesikia sasa? Ilikuwa inabanwa." Na mwenye pikipiki anatabasamu, analipa, anaondoka na msumeno ndani ya injini.

Hicho mnachosikia ni kelele ya hewa inayoingia bila kizuizi. Mnaichukulia kuwa nguvu, na nguvu haipo hapo. Jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopitisha petroli, zimepimwa zikihesabu na ukinzani wa chujio. Ukiliondoa, hewa inazidi mafuta, moto unakuwa mkavu, injini inachemka na eksozi inaanza kulipuka ukiachia resi. Hapo fundi yuleyule atakuambia jeti ni ndogo, atachukua waya wa breki na kuitoboa. Tundu la jeti linahesabiwa kwa sehemu ya mia ya milimita, halafu mtu analipanua kwa waya huku anapiga soga! Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa. Ikiwa imeziba kwa gundi ya petroli ya zamani, ilowekwe usiku kucha. Ikigoma, nunua nyingine.

Tuje kwenye vumbi, maana ndilo linaloua. Vumbi la barabara ya changarawe lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikiingia, nyingine zinakwama kwenye ringi (pete za pistoni) na kusaga ukuta, nyingine zinateremka hadi kwenye oil, na kuanzia hapo oil inakuwa dawa ya kunolea visu. Dalili huja kwa mpangilio. Kwanza kiki inakuwa nyepesi, hata mtoto anaweza kuipiga. Kisha mpira wa kupumulia injini unaanza kutema mvuke na matone ya oil. Halafu moshi wa bluu ukipandisha mlima. Mwisho plagi inatoka imelowa, nyeusi, na watu wanaanza kununua plagi kila wiki kama vocha.

Kabla hujakubali kuambiwa "injini imekufa", pima mwenyewe nyumbani. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oil ya injini kwenye tundu lake, piga kiki taratibu mara kadhaa isambae, rudisha plagi, piga tena. Kiki ikiwa ngumu ghafla, tatizo ni ringi na silinda. Ikibaki nyepesi vilevile, tatizo liko juu: valvu hazifungi. Dakika kumi tu, na hakuna anayekufanyia, kwa sababu jibu la pili ni kazi ndogo isiyo na pesa.

Sasa kuosha, maana na penyewe kuna mauaji. Ea klina ya sponji haioshwi kwa petroli: petroli inalainisha gundi ya maungio na kuchanika kunaanzia hapo. Tumia mafuta ya taa, ikamue kwa kuiminya katikati ya viganja. USIIPINDE kama nguo. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza hadi maji yatoke meupe, ikaukie kivulini. Ikikauka kabisa, mimina oil ya chujio, au ukikosa, oil ya gia ya 80 au 90, uiminye mpaka sponji nzima iwe na rangi moja, halafu iminye tena itoe ziada. Sponji kavu haikamati vumbi, inalipunguzia mwendo tu. Paka grisi nyembamba kwenye mdomo wa boksi inapokaa. Chini ya boksi kuna kimrija chenye kizibo: kitoe, maji na uchafu vimwagike, ukirudishe. Wengi hawajui hata kama kipo.

Ya karatasi iliyolowekwa mafuta kiwandani haioshwi na haipulizwi na kompresa. Inabadilishwa. Na sponji ya godoro siyo ea klina! Matundu yake si ya kazi hiyo, mvuke wa petroli unaila, na vipande vyake vinaenda kukaa kwenye kabureta.

Kwenye njia za vumbi iangalie kila wiki. Ukiwa kwenye msafara nyuma ya lori, iangalie jioni hiyohiyo.

Oil. Klachi za pikipiki hizi zinaogelea kwenye oil ileile ya injini, ndiyo maana Wajapani waliweka kiwango cha JASO cha oil ya pikipiki mwaka 1998. Leo chupa iandikwe MA au MA2. Oil ya gari ya petroli yenye alama ya kuokoa mafuta ina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukishaweka, mlimani injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki, na fundi anakuuzia pleti mpya. Pleti zilikuwa nzima! Badilisha oil, na kabla ya yote hakikisha kamba ya klachi ina mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono wake.

Injini hizi zinabeba kama lita moja tu. Kijiti cha kupimia kwenye Honda nyingi kinachomekwa bila kuzungushwa. Ukikikaza ndipo usome, kinazama zaidi, kinaonyesha oil imejaa kumbe haijajaa. Washa dakika tatu, zima, subiri dakika mbili tatu, pikipiki isimame wima bila kuegemea stendi ya pembeni, ndipo upime. Bolti ya kumwagia inakaa kwenye aluminiamu, nyingi zinataka kukazwa kwa Nm 20 hadi 25, yaani mkono mmoja kwenye spana fupi. Ninyi mnaokanyaga spana kwa mguu ndiyo sababu kuna injini zinazozibwa kwa gundi ya chuma na sabuni. Pete (washa) mpya ya bolti hiyo haifiki hata bei ya soda.

Na ndani ya kifuniko cha kulia, Honda nyingi za zamani za aina hii zina wavu wa oil na kikombe kinachozunguka kutupa uchafu pembeni. Kikombe hicho kikijaa tope, hakuna oil mpya itakayosaidia. Hakiguswi miaka na miaka kwa sababu kinadai gasketi.

Tapeti. Hapa napandwa na hasira zaidi, kwa sababu kosa linasikika vizuri masikioni. Injini inagonga kidogo, fundi anakaza tapeti ikiwa ya moto mpaka kimya, mteja anafurahi. Tapeti isiyo na nafasi inaiacha valvu ya eksozi wazi kidogo. Valvu hupoa kwa kukaa kwenye kiti chake. Isipokaa inaungua ukingo. Pikipiki inawaka vizuri asubuhi na inagoma ikiwa ya moto. Valvu inayogonga kidogo ina nafuu kuliko iliyobanwa.

Kazi yenyewe: injini iwe baridi kabisa, ikiwezekana imelala usiku mzima. Toa plagi ili izunguke kirahisi. Fungua vizibo viwili upande wa kushoto, zungusha sumaku uelekeo unaozungukia injini mpaka mstari wa T ukae kwenye alama. Shika roka zote mbili (mikono inayosukuma valvu): zikicheza, uko penyewe. Zikibana, uko kwenye pigo la kutolea moshi, zungusha duru moja nzima tena. Pitisha fila geji (bati jembamba la kupimia nafasi) ya kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, si cha jirani. Ipite kwa kukwaruza kidogo. Shikilia skrubu, kaza nati, halafu PIMA TENA, kwa sababu nati inapokazwa inaivuta skrubu.

Skrubu za Kijapani zenye kinukta kichwani si za bisibisi ya nyota ya kawaida. Ncha ya kawaida inaruka na kula kichwa, ndiyo maana bakuli za kabureta zenu zote zina skrubu zilizopigwa tindo. Tafuta bisibisi ya JIS, yaani ya kiwango cha Kijapani.

Cheni kwa kifupi: klipu ya kiungo, upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Kila mara naona imegeuzwa. Na mchezo wa cheni upimwe pale sproketi ya mbele, bolti ya swingi na ekseli ya nyuma zinapokuwa kwenye mstari mmoja, mtu mzito akiwa amekalia. Hapo bado ilegee kidogo. Iliyokazwa kama gitaa ikiwa kwenye stendi inakula beringi ya gia shimo la kwanza tu.

La mwisho, na hili si la utani. Kuna watu wanaongeza oil ya injini kwenye kikopo cha breki ya diski ya mbele "kwa kuwa yote ni mafuta". Mpira wa breki zinazotumia maji ya breki ya DOT 3 na DOT 4 ukikutana na oil unavimba. Pistoni inagoma kurudi, diski inachemka, tairi la mbele linajifunga lenyewe barabarani. Ikishatokea, kubadilisha maji ya breki pekee hakutoshi: sili za juu, sili za kalipa na mpira wa kupitishia vyote vinatoka, na vya chuma vinasafishwa kwa spiriti. Ukiona kwenye kikopo kitu cheusi kinachoelea juu ya kingine, usiendeshe hata kwenda dukani.

Anayetaka kubishana kuhusu ea klina asilete "mimi natembea bila miaka mitatu". Afungue mpira kati ya boksi na kabureta, apitishe ndani kitambaa cheupe, aweke picha hapa. Kando yake aweke picha ya plagi.