Rafiki anaolewa Tukuyu, kaniomba nimpigie picha na kamera yangu ndogo. Nikubali?

Mwali wa Uyole:
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, mwenzenu silali.

Rafiki yangu wa tangu sekondari anaolewa Julai. Ibada ni Tukuyu saa nne asubuhi, sherehe ni usiku hukuhuku Mbeya mjini, ukumbi wa Soweto. Michango imesuasua, kamati ikaanza kupunguza, na mpiga picha akawa wa kwanza kuondolewa. Bibi harusi akanipigia: "Shoga, wewe si una kamera? Tupigie tu." Nimemwambia nitamjibu wiki hii.

Nina Canon EOS 1300D na lenzi iliyokuja nayo, ile 18-55. Flashi ni ile inayochomoka juu ya kamera. Betri moja, kadi moja ya GB 16. Huwa napiga mashamba ya chai, watoto wa Sunday school na ndugu wakija likizo. Harusi sijawahi. Mchana sina wasiwasi sana, ila ndani usiku picha zangu zinajaa chenga (vidoti vidoti) au zinatoka zimecheza (ukungu wa mtikisiko).

Na jingine: kamati wanasema kazi hiyo ndiyo itahesabiwa kuwa mchango wangu. Hapo imekaaje?

Mla Ndizi Kiwira:
Kataa mkuu. Keki ikiharibika watu watacheka na kusahau. Picha zikiharibika, mama mkwe atakukumbuka mpaka siku ya msiba wako.

Mwali wa Uyole:
Mimi dada jamani, siyo mkuu 😂. Nikikataa hawana mtu mwingine, ndiyo shida yenyewe.

Jiwe la Gangilonga:
Kamwene dada. Nipo Iringa, nilianza na kamera kama yako na bado ninayo. Usikatae, ila usikubali yote kama yalivyo. Gawa siku. Kanisani na mchana kamera yako inatosha kabisa. Ukumbini usiku ndiko itakakokuangusha, na kosa halitakuwa la mikono yako.

Sababu ni hii. Lenzi yako ukiivuta mpaka 55 tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8, ile ndogo ya bei nafuu, inapitisha mwanga karibu mara kumi ya hapo. Ndiyo maana ukumbini kamera yako inalazimika kupandisha ISO (wepesi wa kuhisi mwanga), chenga zikaja, au kupunguza spidi, watu wakacheza. Kwa hiyo fedha ya kununua kamera nyingine achana nayo. Azima hiyo 50mm. Ukiipata usipige f/1.8 kwa watu wawili, mmoja atakuwa safi na mwenzake ukungu; weka f/2.5 au f/2.8. ISO 1600 hadi 3200. Spidi isishuke chini ya 1/100 ya sekunde wakiwa wamesimama, na wakianza kucheza panda 1/200. Chenga kidogo bibi harusi hatozijali, ila sura iliyocheza ni vigumu kuirekebisha kwa programu.

Kitu kimoja ukijue: kwenye 1300D lenzi ya 50 inabana, inaona kama 80. Picha ya ukoo mzima haiingii. Hapo rudisha 18-55 yako.

Mpambaji wa Mwanjelwa:
Naongea upande wa wapambaji, maana tunalaumiwa sana. Zile taa za rangi mnazozipenda ndizo zinazowageuza maharusi kuwa wa zambarau. Mtafute mpambaji na DJ mapema, waombe kwamba wakati wa kuingia, wa keki na wa zawadi waweke taa nyeupe usawa wa meza kuu. Dakika chache tu, halafu waendelee na disko lao. Huwa hatukatai, ila tukiambiwa muziki umeshaanza tunakasirika.

Na dari tukiliziba kwa kitambaa cha bluu, mwenye flashi ya kugeuzwa akiirushia juu mwanga unarudi na ubluu wake. Uliza rangi kabla.

Fundi Flashi:
Naunga mkono. Halafu taa nyingi za kumbi ni LED, na umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiona mistari myeusi imekatiza picha, shuka mpaka 1/100, mara nyingi itatulia. Flashi ya juu ya kamera haifiki mbali, kwa hiyo ukiwa nyuma ya ukumbi unamulika migongo ya watu tu. Sogea.

Mzee wa Kanisa:
Binti yangu, nenda siku ya mazoezi ya maharusi. Muone mchungaji, muulize usimame wapi na flashi inaruhusiwa lini. Makanisa mengine hawataki kabisa mtu apite mbele ya madhabahu, na wako sahihi. Kamera yako inalia "chaka" kila ukibonyeza. Wakati wa maombi na wakati wa viapo vyenyewe bonyeza mara chache. Pete na kutia saini cheti usikose. Waombe wasimamizi wa utaratibu watangaze kwamba waalikwa wasisimame njiani na simu. Kuna wajomba wenye tableti, hao ni mtihani.

Jiwe la Gangilonga:
Mzee umenena. Naongeza la Tukuyu. Julai asubuhi kule kuna ukungu na baridi. Watu wanaulaani, mimi naupenda: mwanga wake ni laini, hauwatii watu vivuli machoni kama jua la saa sita. Lakini kamera ikiona weupe mwingi, ukungu na gauni, inadhani pamewaka kupita kiasi na kupunguza mwanga. Gauni linageuka kijivu, na sura ya bibi harusi inakuwa nyeusi kuliko alivyo. Ongeza fidia ya mwanga (ile alama ya +/- kwenye kamera), +2/3 hadi +1, angalia sura na wala usitishwe na kioo cha nyuma. Piga RAW (faili ghafi la picha) ili gauni likizidi mwanga uweze kulirudisha.

Betri ikae mfuko wa ndani, baridi inaipunguza nguvu. Moja haitoshi, watengenezaji wenyewe wanaikadiria picha 500 kwa chaji, na ukipiga kwa kutazama kioo inakata mapema zaidi. Kamera ikitoka kwenye baridi kuingia ukumbi wenye joto, iache ndani ya begi kwanza, la sivyo lenzi inaloa umande.

Shangazi Rungwe:
Haya ya namba siyajui, nawaambia la ukoo. Huku kwetu familia ni kubwa, na mtu akiachwa kwenye picha ni kesi. Usiwaite wewe, huwajui. Pata shangazi mmoja kila upande, mwenye sauti na orodha mkononi, aite kwa majina. Anza na babu na bibi ili wakakae, wasisimamishwe kwenye baridi wakisubiri vijana wa ofisini kwa bwana harusi wamalize madoido. Wazazi, kisha ndugu wa tumbo moja, kisha wengine. Mwenye kuchelewa kachelewa.

Na ule chakula kabla. Wapiga picha mnasahauliwa.

Mla Ndizi Kiwira:
Mnamjaza mtoto wa watu ujasiri. Swali la mchango hamjalijibu.

Mhasibu wa Kamati:
Nalijibu mimi, nimekaa kamati nyingi. Kuhesabiwa mchango ni halali, ila iandikwe kwenye daftari na thamani yake, siyo "dada wa kamera atasaidia". Usipoandikwa, wiki ya mwisho mweka hazina atakupigia akidai ahadi yako kama wengine. Mafuta au nauli ya Tukuyu na kurudi, kadi na betri ya pili, hivyo vitoke kwenye mfuko wa kamati. Na usipewe kazi nyingine. Mtu hawezi kupiga picha huku akigawa soda.

Halafu ongea na bibi harusi mwenyewe, siyo kwa ujumbe. Mwambie atapata picha ngapi hivi, lini, na kwamba usiku hutaahidi.

Fundi Flashi:
Kadi: hiyo GB 16 kwa RAW itajaa kabla ya keki. Pata mbili za GB 32. Kamera yako ina nafasi ya kadi moja tu, kwa hiyo ya kanisani itoe, ifunge mfukoni, ya ukumbini iwe nyingine. Ukipoteza moja hujapoteza harusi yote. Usifute picha ukiwa kazini. Usiku huohuo hamishia kwenye kompyuta na diski ya nje.

Na saa kumi na moja jioni waibie maharusi dakika ishirini kabla hawajaingia ukumbini. Jua la jioni likiwa bado lipo, hizo ndizo watakazotundika ukutani. Dereva ajue, la sivyo atawazungusha mjini na matarumbeta mpaka giza.

Mwali wa Uyole:
Asanteni sana wakuu, ndaga fijo. Nimeongea naye jana. Kanisani na mchana ni mimi. Kamati wamekubali kumlipa kijana mmoja wa studio aje kwa muda wa saa tatu tu ukumbini, kuingia mpaka zawadi, na mimi nitapiga meza za wageni. Mhasibu, nimeandikwa daftarini, nimeshuhudia kwa macho.

Lenzi ya 50 bado sijaipata hapa Mbeya. Jiwe, ya kwako inatoka?

Jiwe la Gangilonga:
Inatoka, hiyo Jumamosi ya harusi sina kazi. Njoo inbox. Nitaipakia kwenye basi la asubuhi wiki moja kabla, uizoee kwanza kwa kupiga watu wanaotembea ndani ya nyumba usiku. Kofia ya nyuma usiipoteze, nimeshapoteza za kutosha.

Mla Ndizi Kiwira:
Sawa. Ila wajomba wa tableti hamjawapatia dawa.